Kitufe cha Kijani

Saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, mpiga picha Lutfi Abu Samra aliingia ofisini kwa Meja Hanaa Qandil akiwa na boksi la keki tamu za basbusa mkononi, akatangaza kwamba maharusi wake wamerudi.

Hanaa alikuwa hajamaliza chai yake. Juma zima ofisi ya makosa ya kompyuta, hapa Aleksandria, ilikuwa ikihangaika na kesi moja. Watu thelathini na mmoja walikuwa wamepakua programu kutoka ukurasa mmoja wa mtandao, na asubuhi yake wakakuta mafaili yao yote yamefungwa, hayafunguki kwa dawa wala kwa dua. Daktari wa meno alipoteza picha za mataya ya mji mzima. Wakili alipoteza kesi zake kabla hata ya kuzifikisha mahakamani. Lutfi yeye alipoteza maharusi mia tatu na ishirini, na mama zao walikuwa wakimpigia simu kwa zamu.

"Wamerudi wote?" Hanaa aliuliza.

"Wote, afande, na kope zao za bandia. Nimekuja kufuta malalamiko."

"Malalamiko ya jinai hayafutwi kwa basbusa, Ustadhi Lutfi. Kaa. Nani amekufungulia?"

"Injinia Medhat, yule mwenye duka la kompyuta pale Smuha. Kwa siku moja tu! Mungu ampe umri mrefu."

Hanaa aliandika jina hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Maabara ya Kairo ilikuwa imekaa na kompyuta ya daktari wa meno siku tano, na jibu lao lilifika jana kwa maandishi: kufuli hili halifunguki bila ufunguo wa yule aliyelifunga.

"Hebu nionyeshe tena ulivyoipakua hiyo programu," alisema, akafungua jalada na kumwekea mbele picha ya ule ukurasa.

Lutfi hakusita. Aliweka kidole juu ya kitufe kikubwa cha kijani kilichokuwa katikati. Ndani yake yalikuwa maneno mawili, "Bonyeza hapa", na chini yake mistari mitatu: zima antivirasi, sakinisha, washa kompyuta upya.

"Ukaizima?"

"Sasa afande, ni programu gani uliyowahi kuichukua mtandaoni bila kuambiwa uzime antivirasi? Ni kama kuvua viatu mlangoni."

Sajini Zaghlul, aliyekuwa akiandika maelezo kwenye meza ya pembeni, alitazama dari. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kituoni, na kompyuta ya nyumbani kwake haikuwa na antivirasi tangu siku mwanawe alipoiwekea mchezo wa mpira. Sote tuliolelewa na programu za magendo tuko hivyo. Tukiambiwa tuzime, tunazima.

Lutfi alipoondoka, Zaghlul alisogeza boksi karibu.

"Afande, tusijisumbue. Yule mzee mwenye ukurasa, tuliyemkamata Jumapili, amekwisha kukiri. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Soma ulichoandika."

Zaghlul akasoma: "'Ukurasa ni wangu, na lawama ni yangu.' Sahihi ya kidole."

"Huko ni kukiri?"

"Kwa mwendesha mashtaka imetosha. Saa nane mchana mzee anapanda kwa hakimu, anaongezewa siku kumi na tano rumande, na ukurasa unafungwa. Imekwisha."

Hanaa alitazama saa ya ukutani. Mwenye ukurasa alikuwa Ustadhi Rifaat Bishara, mzee wa miaka sitini na sita, kipofu tangu ujana wake, mwalimu wa kompyuta katika Jumuiya ya Basira, jumuiya ya wasioona pale Muharram Bek. Ukurasa wake ulikuwa orodha ya viungo tu: programu gani, inapatikana wapi, inasakinishwaje, hatua kwa hatua kwa Kiarabu kilichonyooka. Jumamosi, keshokutwa, wanafunzi arobaini wasioona wangefanya mtihani wa mwisho wa sekondari kwa kompyuta kwa mara ya kwanza, kila mmoja kwa mashine yake, na programu ya kuwasomea skrini kwa sauti walikuwa wakiichukua pale. Ukurasa ukifungwa leo, wangebaki na mashine bubu.

"Mlete," alisema.

*

Ustadhi Rifaat aliingia akiwa ameshika kiwiko cha Zaghlul, koti limefungwa vifungo vyote, ndevu za siku nne. Alikaa, akanusa.

"Basbusa," alisema. "Na mtu mmoja hapa amekula vipande viwili, kwa jinsi anavyopumua."

"Vitatu," alisema Hanaa, na Zaghlul akainamisha kichwa kwenye karatasi zake. "Karibu, Ustadhi. Mimi ni Meja Hanaa Qandil. Nina maswali machache. Alhamisi iliyopita, saa tano na dakika arobaini na nne asubuhi, ukurasa wako ulibadilishwa kwa kompyuta ya pale jumuiya. Ulikuwepo?"

"Kila Alhamisi nipo. Nafundisha chumba cha pili."

"Neno la siri la ukurasa anajua nani?"

"Mimi, na kompyuta ile. Imelihifadhi ili nisiliandike kila mara. Uzembe wa mzee."

"Na kitufe cha kijani?"

Rifaat alicheka bila furaha. "Siku nne mnaniambia kijani, kijani. Kijani nakifahamu, binti yangu. Mara ya mwisho nilikiona mwaka sabini na tisa, kwenye mlango wa nyumba ya mjomba."

"Mwendesha mashtaka anasema rangi huandikwa kwa namba, na namba unazijua."

"Nazijua. Hapo hajakosea."

Hanaa hakuharakisha. Alikuwa na ile karatasi ndefu yenye maandishi ya ndani ya ukurasa, yale ambayo msomaji wa kawaida hayaoni, na alikuwa ameisoma mara nne usiku wa kuamkia jana bila kujua anatafuta nini. Sasa aliifungua tena.

"Juu kabisa una picha ya mlango wa jumuiya. Nyuma ya picha umeandika: 'Picha: mlango wa jumuiya, ngazi tatu, mkono wa kushikia uko kulia.' Kwa nini?"

"Kwa sababu mashine haioni picha. Inasoma jina ulilolipa. Usipolipa jina, inamwambia mtu 'picha', basi, inamwacha hapo."

"Na viungo vyako virefu namna hii? 'Pakua programu ya kusoma skrini, faili la megabaiti thelathini, halihitaji intaneti ukisakinisha.' Wengine wote huandika 'bonyeza hapa.'"

"Wengine wote!" Mzee alipandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Sisi hatuupitii ukurasa kwa macho, tunaiambia mashine ituorodheshee viungo tu. Sasa fikiria umeorodheshewa bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa. Hapa wapi? Kiungo lazima kimwambie mtu kinampeleka wapi kabla hajatia mguu. Miaka kumi na minne nawapigia watu kelele juu ya jambo hili moja."

Hanaa alipitisha kalamu kwenye karatasi. Viungo sabini na vinane, vyote vina maneno kamili. Picha sita, tano zina majina. Ya sita ilikuwa kitufe cha kijani, na nyuma yake hapakuwa na herufi hata moja.

Akachukua orodha ya walioumia, akaipitia tena kwa jicho lingine. Daktari wa meno, wakili, mpiga picha, duka la vitambaa, ofisi ya usafiri. Watu waliopita pale kwa sababu maelezo yalikuwa mazuri kuliko kwingine. Ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya wasioona, nao hutembelewa na mamia yao kila juma, na hakuna hata mmoja wao aliyedhurika.

"Kitufe hiki aliyekiweka ana macho," alisema. "Na hakuwaza kabisa wewe unamwandikia nani."

Zaghlul aliacha kuandika. Rifaat aligeuza uso upande wa sauti yake, lakini hakuonyesha nafuu yoyote.

"Ustadhi, kwa nini ulisema lawama ni yako?"

"Kwa sababu ni yangu."

"Ulijua kitufe kipo?"

Mzee alishika kingo za kiti. "Niulize swali jingine," alisema, akanyoosha mkono kutafuta kiwiko cha Zaghlul.

Jibu hilo lilimkera Hanaa. Mtu anatolewa shimoni na mwenyewe anang'ang'ania mchanga.

*

Kwenye gari, Zaghlul alipata mshukiwa wake.

"Bawabu, afande! Jumuiya nzima ya vipofu, mwenye macho ni bawabu peke yake. Tumemwacha tu mlangoni anatuamkia."

"Tutamuuliza."

Hawakuhitaji kumuuliza. Chumba cha kwanza cha Jumuiya ya Basira walimkuta Sitt Inshirah, mama wa makamo mwenye nywele alizozisuka vizuri na miwani myeusi, anapokea simu huku vidole vyake vikipitia karatasi ya nukta nundu bila kukosea mstari. Yeye ndiye aliyeendesha mambo yote pale.

"Bawabu?" alisema, kama aliyeambiwa kitoto kimeiba gari. "Hajui kusoma jina lake mwenyewe. Na Alhamisi iliyopita alikuwa Kafr ed-Dawar kwenye msiba wa shangazi yake. Nani mwenye busara hizo? Yule mwenye kikohozi?"

Zaghlul akajikohoza.

"Ndiye huyo! Alikuja Jumapili. Aliwasha kompyuta, ikamsalimia, akaruka hadi nikasikia kofia inaanguka."

"Iliongea ghafla," alijitetea Zaghlul.

Kompyuta yenyewe ilikuwa juu ya meza dirishani: sanduku, kibodi, spika mbili na printa. Hanaa aliitazama kwa muda kabla ya kugundua kilichokosekana. Hapakuwa na skrini, wala kipanya.

"Skrini iko wapi?"

"Kabatini, imefunikwa kitambaa. Ya kazi gani hapa? Inakula umeme."

"Na kipanya?"

"Kipanya hatujawahi kuwa nacho, mwanangu. Kipanya ni cha mtu anayeona kinakokwenda."

Hanaa alivuta kiti, akaketi mkabala naye. "Sitt Inshirah, Sajini Zaghlul alipokuja Jumapili mlikuwa watu kumi na wawili. Nina ripoti yake hapa. Alipata maelezo gani kwenu?"

"Alituuliza kama kuna mtu aliona kitu chochote Alhamisi."

"Mkamjibu?"

"Tukamwambia hatukuona."

Hanaa alimgeukia Zaghlul taratibu. Ripoti ilikuwa wazi mkononi mwake, kwa mwandiko ule mzuri: Mashahidi wote kumi na wawili wanasema hawakuona chochote.

"Zaghlul."

"Afande."

"Hebu nenda kaninunulie maji."

Zaghlul hakwenda popote, ila masikio yalimwiva mekundu. Hanaa akarudi kwa mama yule.

"Sasa mimi nakuuliza. Alhamisi mlisikia nini?"

"Ala!" Sitt Inshirah aliweka karatasi yake chini. "Siku nne nangoja mtu aniulize. Nilisikia kabati linafunguliwa. Nikasikia skrini inawekwa mezani, kwa nguvu, mpaka kikombe changu kikacheza. Halafu mashine ikanyamazishwa. Ile sauti wenye macho hawaivumilii, wanasema inawapigia kelele kichwani, kila fundi akija anaanza kwa kuizima. Halafu nikasikia kipanya. Ta-tak. Ta-tak. Kitufe chake kibovu, ukikibonyeza mara moja kinagonga mara mbili. Robo saa nzima. Na mashine haikurudishiwa sauti, ilibidi niirudishe mwenyewe."

"Nani alikuwa kwenye kiti?"

"Injinia Medhat. Alikuja kutengeneza printa. Miaka sita anatutengenezea, tena bure, anasema ni sadaka."

"Mbona hamkumtaja?"

"Mwenzenu aliuliza kama kulikuwa na mgeni. Medhat ni mgeni? Anajua sukari inapowekwa!"

Hanaa alitoa skrini kabatini, akaiunganisha. Kompyuta huweka kumbukumbu ya kila kifaa kilichowahi kuchomekwa kwake, saa na dakika, na flashi huacha hata namba yake ya kiwandani. Ilimchukua dakika kumi kufika pale alipotaka. Alhamisi, saa tano na dakika thelathini na nane: kipanya. Saa tano na dakika arobaini na moja: flashi. Namba ndefu yenye tarakimu kumi na sita. Aliinakili kwenye daftari, akamwomba Sitt Inshirah amletee flashi zote za jumuiya. Zilikuwa saba, kila moja ina nukta nundu ubavuni. Akazichomeka moja moja. Hakuna iliyolingana. Akairudisha skrini kabatini.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

"Sitt Inshirah, printa yako ni nzima?"

"Nzima kabisa."

"Leo imeharibika. Tafadhali mpigie Injinia Medhat."

Mama yule alitabasamu, na simu tayari ilikuwa sikioni.

*

Medhat Ballut alifika baada ya dakika arobaini, akinukia manukato, funguo zikining'inia mkandani. Alikuwa mtu mkunjufu, wa kumpenda mara moja. Kila mtu alimwita injinia ingawa alisomea biashara, na yeye hakumkosoa yeyote. Alisalimia chumba kizima, akamwita Sitt Inshirah mwezi wa Muharram Bek, akauliza khabari za Ustadhi Rifaat na kusikitika kwa sauti.

"Na huyu dada?"

"Wa wizara," alisema Hanaa kutoka kwenye kiti cha ukutani. "Nasubiri barua ichapishwe." Zaghlul alikuwa chumba cha pili, kofia kavua.

"Utaipata sasa hivi."

Alifungua kabati bila kuuliza, akatoa skrini, akaitua mezani. Kikombe cha Sitt Inshirah kikacheza kwenye kisahani. Kompyuta ikaanza kumsalimia, naye akainyamazisha kwa kidole kimoja. Akatoa kipanya mfukoni mwa koti, akakichomeka.

Ta-tak. Ta-tak.

Wale waliokuwa wakizungumza chumbani waliacha kuzungumza, mmoja baada ya mwingine. Medhat hakutambua.

"Ni programu ya printa imejifuta," alisema. "Niisakinishe upya. Ninayo hapa." Akachomoa flashi kwenye rundo la funguo zake na kuichomeka.

Hanaa alisimama. Alitoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya kibodi.

"Meja Hanaa Qandil, makosa ya kompyuta. Ondoa mikono mezani, injinia. Zaghlul!"

Zaghlul alikuja mbiombio. Hanaa aliinama kwenye skrini, akafungua ile kumbukumbu, akaliweka daftari lake kando yake. Akasoma tarakimu kwa sauti, mbili mbili, huku Zaghlul akifuatisha kwa kidole kwenye daftari. Zilipofika kumi na sita, zote zilikuwa zimelingana.

"Flashi hii ilikuwa hapa Alhamisi saa tano na dakika arobaini na moja," alisema. "Ukurasa ulibadilishwa dakika hizohizo."

"Nilikuwa natengeneza printa! Kuchomeka flashi ni kosa?"

"Si kosa. Tuangalie kilichomo."

Ndani yake mlikuwa na programu za printa, nyimbo, picha za harusi ya dada yake, na folda moja iliyofichwa. Kwenye folda hiyo kulikuwa na kitufe cha kijani, faili moja la kusakinisha, na orodha yenye majina thelathini na moja, kila jina na ufunguo wake. La sita lilikuwa Lutfi Abu Samra.

"Unawafungia, halafu wanakuletea dukani uwafungulie kwa pesa," Hanaa alisema. "Na wanakuombea umri mrefu."

Medhat alijaribu kucheka. "Nani ameniona? Kuna mtu humu ndani ameniona?"

"Hakuna aliyekuona," alisema Sitt Inshirah. "Uliingia ukatusalimia, ukatoka ukatuaga. Hapo katikati ulidhani tumekwenda wapi, Medhat? Miaka sita nakupikia chai."

Hapo ndipo yule mtu mkunjufu alipotazama chini. Zaghlul akamfunga pingu, na safari hii aliandika maelezo ya mashahidi upya, wote kumi na wawili, akianza kila moja kwa maneno "Nilisikia".

*

Hakimu alisoma jalada kwa dakika ishirini. Saa tisa na robo alasiri Ustadhi Rifaat alikuwa amerudi kwenye meza ya dirishani, ndevu zikiwa zilezile, glasi ya chai ya nanaa kando yake. Skrini ilikuwa imerudi kabatini. Hanaa alikuwa amemleta mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na swali moja lililobaki, na hakupenda kufunga jalada lenye tundu.

Mzee aliwasha mashine. Sauti ya kiume, kavu, ilianza kusoma ukurasa wake kutoka juu: Picha, mlango wa jumuiya, ngazi tatu. Kiungo, pakua programu ya kusoma skrini. Kiungo, maelezo ya kusakinisha kwa asiyeona. Kiungo, maelezo kwa anayemsaidia asiyeona. Kisha ikasema:

"Picha."

Ikaendelea na kiungo kinachofuata. Rifaat aliisimamisha, akairudisha nyuma.

"Picha," ikasema tena. Kiungo cha nyuma yake polisi walikuwa wamekikata tangu Jumapili; picha yenyewe ilibaki.

"Ni hilo hapo," alisema mzee. "Ulitaka kujua kama nilijua. Alhamisi ile jioni nilirudi nyumbani nikaupitia ukurasa kama nifanyavyo kila siku. Nikalisikia neno hili. Picha, isiyo na jina, kwenye ukurasa wangu mimi. Nikajua pale pale kwamba hii haikuwekwa na mimi." Aliizungusha glasi. "Redioni ilikuwa mechi ya Ittihad, dakika za mwisho. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema labda ni mashine. Ningeifuta usiku ule, meja, watu ishirini na wanane kati ya wale thelathini na mmoja wangelala salama."

"Hilo si kosa la jinai, Ustadhi."

"Najua. Ndiyo maana hamkuwa na mahali pa kuliandika."

Hanaa alihisi huruma kubwa juu yake, na aliona si heshima kuitamka.

Rifaat aliifuta ile picha kwa vitufe vitatu. Kisha, mahali pale pale ilipokuwa, akaanza kuandika, na mashine ikamsomea kila neno alilolimaliza, kwa hiyo chumba chote kikasikia: "Toka Alhamisi iliyopita palikuwa hapa na picha isiyo na jina, iliyowadhuru watu thelathini na mmoja. Niliisikia, nikaendelea kusikiliza mpira. Funguo za mafaili zimepatikana, ziko kwa Meja Hanaa Qandil, bila malipo. Rifaat Bishara."

"Ustadhi, si lazima uandike hivyo," alisema Sitt Inshirah.

"Ni lazima."

Simu ikaita. Sitt Inshirah alisikiliza, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Ni msichana kutoka Damanhur, ana mtihani Jumamosi. Yuko kwenye kompyuta ya shule inayoongea, anataka kuichukulia mashine yake programu. Amesikia khabari mtandaoni. Anauliza kama bado anaweza kutuamini."

Mzee alinyoosha mkono, ukaishia njiani. Hanaa aliichukua simu kwa Sitt Inshirah na kumwekea mzee mkononi.

"Ndiyo, binti yangu," Rifaat alisema, akakohoa, akaanza upya. "Usituamini bure. Iambie mashine ikuorodheshee viungo, unisomee cha kwanza neno kwa neno, kabla hujabonyeza. Nakungoja. Na usizime kitu chochote."